Binti kapangiwa PCB, na shule ya kimataifa nayo inamwita: aende wapi?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya wilayani Korogwe. Mume wangu anafundisha shule ya msingi. Binti yetu wa kwanza alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata daraja la kwanza la pointi 9. Majina ya kidato cha tano yalipotoka tukaona amepangiwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, katika shule ya serikali ya bweni, shule yenye jina. Baba yake alichinja jogoo.

Wiki hiyohiyo ikaja barua pepe. Miezi kadhaa nyuma mwalimu wake wa Biolojia alimsaidia kuomba ufadhili katika shule ya kimataifa, nasi tukaona ni kujaribu tu, hatukulitia maanani. Kumbe amepata. Watalipa ada, bweni na gharama za mitihani kwa miaka miwili. Nauli, nguo na kompyuta ni juu yetu. Wanasema atasoma "diploma ya IB".

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mume wangu anauliza mtoto wa pointi 9 aende kusoma diploma ya nini, wakati diploma husomwa na waliokosa kidato cha tano? Shemeji yangu wa Dar es Salaam naye anasema tukichezea bahati hii tutajuta, kwamba akitoka pale ni Ulaya moja kwa moja. Mama mkwe anaogopa mjukuu atarudi hajui kuamkia wakubwa na Kiswahili kimempotea.

Mimi nina hofu yangu ya peke yangu. Mwanangu anataka kuwa daktari, na anataka asome chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, hajawahi kutaja mahali pengine. Je, huko watamfikisha? Maana hata usaili wao ulinishangaza. Nilidhani watamuuliza Fizikia na Kemia. Wakamuuliza: "Unajuaje kwamba maji ya kisima chenu ni salama?" Akakosa jibu. Alirudi amenuna, kesho yake akachukua daftari akaenda kumtafuta afisa afya wa kata. Amemfuata siku tatu, mpaka nikaona aibu. Sasa mtihani gani huo, Mwalimu?

Kidato cha tano wanaripoti Julai. Nisaidie kabla siku hazijaisha.

Mama wa njia panda, Korogwe

*

Marahaba, mama. Hongera kwa binti, na hongera kwa mwalimu wake wa Biolojia.

Nimefundisha Kemia kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, kisha nikafundisha somo hilohilo katika mpango huu wa IB. Njia zote mbili nimezipita na chaki mkononi, wala sitakuambia moja ni ya dhahabu na nyingine ya udongo. Daktari unayemwita usiku pale kituoni mama anapovuja damu, kuna uwezekano mkubwa alipita PCB.

Nianze na baba, kwa sababu swali lake ni la haki. Neno "diploma" ndilo linalomchanganya, na limewachanganya wazazi wengi niliokaa nao mezani. Hapa kwetu diploma ni stashahada, ile ya chuo cha ualimu au cha afya. Diploma ya IB ni kitu kingine. Ni masomo ya sekondari ya miaka miwili, kwa vijana wa kati ya miaka 16 na 19, nayo inakaa mahali palepale pa kidato cha tano na sita: kabla ya chuo kikuu. Shirika lake, International Baccalaureate, lilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Watoto wa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa walikuwa wakihamishwa kutoka nchi hadi nchi, na kila nchi ina mtihani wake wa kuingilia chuo kikuu. Walimu wakaona watunge mmoja utakaotambulika kwingi. Kwetu si jambo la jana. Shule ya kimataifa ya Moshi, ambayo leo inaitwa UWC East Africa, ilianza mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa hospitali ya KCMC, na imefundisha mpango huu kwa miongo kadhaa.

Sasa binti atasoma nini? Kwenye PCB angeshika masomo matatu makuu, na mengine madogo ya lazima pembeni. Kwenye IB atashika sita, na hachagui apendavyo. Yamepangwa katika makundi: fasihi katika lugha anayoimudu vizuri, lugha nyingine, somo la jamii kama Historia, Jiografia au Uchumi, sayansi, Hisabati na sanaa. Sanaa unaruhusiwa kuiacha ukaweka sayansi ya pili mahali pake. Kwa kawaida matatu kati ya sita husomwa kwa ngazi ya juu, saa 240 kila moja, na mengine matatu kwa ngazi ya kawaida, saa 150. Hisabati haikwepeki. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Sita mara saba ni 42, na 3 za mwisho hutoka kwenye kazi nitakazokueleza hivi punde. Ndiyo maana utasikia watu wakitaja 45. Diploma hutolewa kuanzia alama 24, lakini kuna masharti yake, usidhani ni 24 kavu.

Nikuonye mapema, usije ukapata presha. Ripoti ya muhula wa kwanza italeta 3 na 4. Watoto wetu waliotoka kidato cha nne na A zao, waliozoea notisi na kupiga pepa zilizopita, hukutana na namba hizo wakalia bwenini. 4 kati ya 7 ni alama ya kati, si aibu. Wengi niliowafundisha walianza hapo, wakamaliza na 6.

Kuhusu Kiswahili, mwambie mama mkwe kwamba kwenye orodha ya lugha za fasihi Kiswahili kimo. Shule ikiwa haina mwalimu wake, ipo namna ya mwanafunzi kukisoma mwenyewe akisimamiwa na shule, kwa ngazi ya kawaida. Tena iko faida ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Akisoma fasihi kwa Kiswahili na sayansi kwa Kiingereza, akapata angalau 3 kwenye hayo masomo na akashinda diploma yenyewe, cheti chake kinakuwa cha lugha mbili. Nimeona watoto wa kwetu wakikimbilia Kiingereza kwenye fasihi kwa kuona haya, na cheti cha lugha mbili wakakiacha palepale mezani. Mwanao asikubali. Kuamkia wakubwa ni kazi ya nyumbani kwenu, na mtoto aliyekwisha kufunzwa hasahau kwa miaka miwili.

Nije kwenye kisima, maana hapo ndipo ulipoandika jambo kubwa bila kujua.

Swali lile halikuwa mzaha. "Unajuaje?" ndiyo roho ya mpango wenyewe. Wana somo zima linaloitwa Nadharia ya Maarifa, wanafunzi wanaliita TOK, na kazi yake ni hiyo tu: jambo hili tumelijuaje, nani kasema, kwa ushahidi gani, na tungejuaje kama si kweli. Kuna onyesho ambalo mwanafunzi huleta vitu vitatu halisi akavieleza kwa swali moja, kwa maneno yasiyozidi 950. Binti yako angeweza kubeba fetoskopu yako, ile pembe unayoiweka kwenye tumbo la mama na sikio lako juu yake. Unajuaje kwamba mtoto yuko hai humo ndani? Wewe unajibu kwa sikio na miaka ya kazi. Mashine ya picha inajibu kwa namna yake. Bibi aliyezalisha kijijini miaka arobaini alijibu kwa viganja. Nani anajua zaidi, na kwa nini? Hapo pana kazi ya muhula.

Kisha kuna insha ndefu, isiyozidi maneno 4,000, juu ya swali analolichagua mwenyewe mtoto. Hii ndiyo kazi iliyonifanya niupende mpango huu. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka upande wa Meru, huko ambako maji yana floridi nyingi na utaona watu wazima wenye meno ya kahawia. Nyumbani kwao walikuwa na chujio la mkaa wa mifupa. Yeye akataka kupima kama linafanya kazi. Akarudi likizo na chupa za plastiki, akazipanga dirishani mwa maabara, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mahali na tarehe, kwa mwandiko wake wa kulala upande. Aliponiletea rasimu, hitimisho lilikuwa limeshaandikwa: chujio linasafisha maji. Nikamuuliza maji yaliyopita kwenye chujio yamesoma ngapi. Akanyamaza. Yalikuwa bado yako juu ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mkaa ule ulikuwa umechoka, haujabadilishwa siku nyingi, na nyumba nzima inakunywa ikiamini iko salama. Alikaa kwenye kiti cha maabara muda mrefu na karatasi zake. Halafu hakuuliza kuhusu alama. Aliuliza kama anaweza kupiga simu nyumbani.

Nilishafundisha floridi darasani mara nyingi kabla ya siku hiyo, na hakuna aliyewahi kuomba simu.

Insha na TOK ndizo zinazotoa zile alama 3 za juu. Ukipata E kwenye mojawapo, diploma imekwenda, hata kama masomo yako ni mazuri. Hata kwenye masomo yenyewe si kila kitu hungoja mtihani wa mwisho. Kwenye sayansi, asilimia 20 ya alama ni uchunguzi ambao mwanafunzi anaupanga na kuufanya mwenyewe. Kwa hiyo ugumu wake mara nyingi ni kalenda kuliko masomo: rasimu hii Jumatatu, jaribio lile Alhamisi, na mwalimu hakukumbushi mara tatu. Mtoto anayesubiri kusukumwa huzama. Mtoto anayemfuata afisa afya siku tatu bila kutumwa, mama, sina wasiwasi naye. Usione aibu.

Kuna pia sehemu ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, wanaiita CAS, inayochukua miezi 18. Haina alama, ila asipoikamilisha hapewi diploma. Hapa nitasema ninachoamini: sehemu hii hufanywa vizuri sana au vibaya sana. Nimeona vijana wakipaka rangi ukuta wa shule ya msingi asubuhi moja, wakapiga picha, wakaondoka, na walimu wa pale wakabaki na ndoo tupu. Nimeona pia wawili waliokwenda kila Jumatano, mwaka mzima, kumsomea hesabu mtoto mmoja asiyeona. Mwanao ameona huduma ikifanywa na mama yake saa nane za usiku. Atajua tofauti.

Sasa Muhimbili. Hapa nakuomba usome polepole, na baba asome.

Kuingia udaktari wa binadamu katika vyuo vyetu kunadai masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa kufaulu kila moja. PCB inayo yote kwa jina lake. IB kwa mpangilio wake wa kawaida inakupa sayansi mbili, ile ya kundi lake na ile uliyoiweka mahali pa sanaa. Binti akichagua Biolojia na Kemia, kama wafanyavyo wengi wanaotaka udaktari ng'ambo, atamaliza na alama nzuri sana, kisha afike nyumbani akute Fizikia haipo. Nimemwona mzazi akilia ofisini kwa jambo hili, na shule haikuwa imemwambia mtu kitu tangu mwanzo.

Dawa yake ipo, lakini hunywewa mwanzoni. Shirika la IB huruhusu mpangilio usio wa kawaida pale ambapo chuo kikuu fulani kinadai masharti yake: sayansi ya tatu inaingia mahali pa somo lingine, mara nyingi lile la jamii. Ruhusa hiyo huombwa na mratibu wa diploma wa shule, kwa kuambatisha maandishi ya masharti ya chuo husika, na huombwa wakati wa kuchagua masomo. Mwaka wa pili umechelewa. Tena si shule zote zinazoweza, kwa sababu ratiba lazima iruhusu vipindi vya sayansi tatu visigongane.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mwandikie mratibu huyo wiki hii, kwa maandishi, umwambie hivi: mwanangu anakusudia Muhimbili. Je, atasoma Fizikia, Kemia na Biolojia zote, na mtamwombea ruhusa hiyo? Mpelekee na masharti ya kujiunga yanayotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Jibu likiwa ndiyo, nalo liwe la maandishi. Likiwa "tutaona akifika", mpeleke PCB kwa moyo mweupe, hakuna cha kujuta.

Akimaliza, cheti chake kitapelekwa Baraza la Mitihani la Taifa kulinganishwa na cha kidato cha sita, ndipo aombe chuo. Mitihani ya shule nyingi za huku hufanyika Mei na matokeo hutoka mwanzoni mwa Julai. Mwambie aanze kufuatilia ulinganisho huo siku ileile alama zinapotoka, maana dirisha la udahili halimngoji mtu. Na barua ya ufadhili itunzeni kwenye lile faili la vyeti vya kuzaliwa. Siku atakapoomba mkopo, Bodi ya Mikopo huwataka waliosomeshwa na wafadhili wathibitishe, wasije wakaonekana ni watoto wa wenye uwezo.

Kwa shemeji wa Dar es Salaam: si Ulaya moja kwa moja. Diploma hii inatambulika na vyuo vikuu vingi duniani, na baadhi ya vyuo vya Marekani na Kanada hukuhesabia masomo uliyofaulu vizuri kwa ngazi ya juu usiyarudie. Lakini kutambulika ni kitu kimoja na kulipiwa ni kingine. Shule ikiwa ni ya kundi la UWC (United World Colleges), kama ile ya Moshi, kuna ufadhili unaoitwa Davis, ulioanza mwaka 2000, unaowasaidia wahitimu wa shule hizo wanaoingia vyuo vikuu vya Marekani vilivyo ndani ya mpango huo. Nje ya hapo, kila nafasi inaombwa upya na kila pesa inatafutwa upya. Asiende kwa ahadi ya shemeji.

Kuna gharama ambazo barua za ufadhili husahau kuzitaja. Kompyuta mmeshaambiwa. Ulizeni pia kikokotozi cha kuchora grafu, maana Hisabati ya IB inakidai na bei yake itakushtua. Shule nyingine huazimisha. Ulizeni likizo fupi mtoto anakaa wapi, kwa sababu nauli ya kurudi Korogwe kila wiki sita si mchezo kwa mshahara wa muuguzi na mwalimu. Kuuliza hivi si kukosa shukrani. Ofisi ya ufadhili inayojiheshimu hujibu bila kukunja uso.

Na nafasi ya kidato cha tano msiiachie. Shule nyingi za kimataifa hufungua Agosti. Jibu la mratibu likichelewa, binti akaripoti PCB Julai, na sanduku lake, na godoro lake, asome kama mwanafunzi mwingine. Wiki chache za Fizikia ya kidato cha tano hazitamdhuru popote atakapokwenda.

Ukiniuliza mimi, sayansi tatu zikikubaliwa kwa maandishi, ningempeleka IB. Sababu yangu haiko Ulaya. Iko kwenye lile daftari alilobeba kwenda kwa afisa afya. PCB ingempa Kemia nzuri na ingemfikisha Muhimbili, sina shaka. Ila ratiba yake isingempa nafasi ya kukiuliza kisima kile kwa miezi kadhaa, akiwa na maabara mkononi na mtu mzima wa kumwambia hitimisho lako halilingani na namba zako. Ningependa daktari wa namna hiyo awe zamu siku nitakayoletwa kwenye machela.

Ukipata jibu la mratibu niandikie, tulisome pamoja. Na usisahau kuniambia afisa afya alisema nini kuhusu maji yale.